Nchi ya Klabu ni Ipi? Uhakiki wa Maneno Yetu Kuhusu Klabu Zichezazo Ligi ya Nchi Nyingine

Chanzo cha Hoja

Miongoni mwa maswali yaletwayo katika meza ya istilahi, yale ya michezo huhesabiwa kuwa mepesi. Mtu huuliza kama aandike "mlinda mlango" au "golikipa", hujibiwa, na jalada hufungwa. Lakini swali moja lililoletwa na mtangazaji wa michezo halikufungika hivyo. Alikuwa akitayarisha kipindi juu ya klabu ya Cardiff City, naye akauliza: "Niseme klabu hii iliiwakilisha nchi gani katika mashindano ya Ulaya?" Nilimjibu papo hapo kwamba aseme Uingereza. Jibu lilikuwa la haraka, tena lilikuwa kosa. Nilipolichunguza baadaye niliona kwamba kosa hilo halikutokana na uhaba wa historia peke yake. Lilitokana pia na maneno niliyokuwa nayo mkononi.

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno manne yatumiwayo sana na waandishi na watangazaji wetu wanapoeleza jinsi klabu zinavyoingia katika mashindano ya Ulaya, yaani Uingereza, kigeni, kuwakilisha na kufuzu. Kila moja ni neno zuri, na hakuna hata moja linalostahili kutupwa. Taabu ni kwamba yote manne huegemea neno moja, "nchi", na neno hilo tumelibebesha mizigo mitatu kwa wakati mmoja: mahali klabu ilipo, ligi ambamo klabu hucheza, na chama ambacho kwa jina lake klabu huingia Ulaya.

Kwetu mizigo hii mitatu kwa kawaida hubebwa na kichwa kimoja. Klabu ya Gor Mahia ina makao Nairobi, hucheza ligi ya Kenya, na ikitwaa ubingwa huingia mashindano ya Afrika kwa jina la Kenya. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hakulazimika kuitenganisha. Huko Ulaya mizigo hiyo imetengana tangu zamani, na kwa kuwa kandanda ya Ulaya sasa husomwa na kusikilizwa kwa Kiswahili kila wiki, hatuna budi kuwa na maneno yatakayoitenganisha katika lugha yetu pia.

Mechi ya Mwaka 1988

Yafaa tuanze na mfano mmoja ulio kamili. Mwaka 1988, katika raundi ya kwanza ya Kombe la Washindi wa Makombe la Ulaya, Cardiff City ilikutana na Derry City. Mechi ya kwanza, iliyochezwa Derry, ilikwisha bila bao. Katika mechi ya marudiano Cardiff ilishinda kwa mabao 4 kwa 0. Kwa mpenzi wa kawaida wa kandanda hiyo ni mechi ndogo iliyokwisha kusahauliwa. Kwa mtu wa istilahi ni darasa zima.

Cardiff ni mji mkuu wa Wales, lakini klabu yake hucheza katika ligi ya England, na ilikuwa hivyo tangu mwaka 1920. Mwaka ule wa 1988 iliingia Ulaya kwa kuwa ilikuwa imetwaa Kombe la Wales. Derry nao ni mji wa Ireland ya Kaskazini. Klabu yake iliondoka katika ligi ya Ireland ya Kaskazini mwaka 1972, wakati wa machafuko, baada ya uwanja wake kuonekana kuwa si mahali pa salama kwa klabu nyingine kwenda kucheza. Mwaka 1985 ilikubaliwa katika ligi ya Jamhuri ya Ireland, ng'ambo ya pili ya mpaka, na ilikuwa kwa jina la Jamhuri hiyo kwamba iliingia Kombe la Washindi.

Basi tuzitazame klabu hizi mbili kwa pamoja. Viwanja vyote viwili vilikuwamo ndani ya dola moja, ile ambayo mji wake mkuu ni London. Klabu ya kwanza ilicheza ligi ya England ikaingia Ulaya kwa jina la Wales. Ya pili ilikuwa na uwanja katika Ireland ya Kaskazini, ikacheza ligi ya Jamhuri ya Ireland, ikaingia Ulaya kwa jina la Jamhuri hiyohiyo. Mtu akiuliza "Klabu hizi ni za nchi gani?" hapana jibu la neno moja litakalokuwa la kweli.

Tena kuna jambo zito zaidi. Katika mwaka huo klabu za England zilikuwa zimefungiwa kucheza Ulaya. Adhabu hiyo ilitolewa baada ya maafa ya uwanja wa Heysel, mjini Brussels, tarehe 29 Mei 1985, ambako watu 39 walipoteza maisha, na iliendelea hadi mwaka 1990. Cardiff ilicheza kila wiki na klabu zilizofungiwa, katika ligi ileile na chini ya waamuzi walewale, lakini yenyewe haikufungiwa. Ilikuwa huru kwa sababu haikuingia Ulaya kwa jina la England. Hapa ndipo jibu langu kwa yule mtangazaji linapoanguka. Kama Cardiff ingekuwa imeiwakilisha "Uingereza" kwa maana niliyokuwa nayo akilini siku ile, isingeruhusiwa hata kushuka uwanjani.

Neno "Uingereza"

Katika Kiswahili neno "Uingereza" lina maana mbili ambazo hatujazitenga. Kwanza ni England peke yake, nchi ya Waingereza wenyewe, ambako ndiko lilikotoka jina la lugha ya Kiingereza. Pili ni dola nzima yenye England, Wales, Uskoti na Ireland ya Kaskazini. Katika mambo ya ubalozi, biashara na pasipoti maana ya pili ndiyo itumikayo, wala haileti madhara. Katika kandanda madhara yapo, kwa sababu kandanda haifuati mipaka ya dola hiyo. England ina chama chake tangu mwaka 1863, Uskoti tangu 1873, Wales tangu 1876, na Ireland ya Kaskazini hufuata chama kilichoundwa Belfast mwaka 1880. Kila chama kina timu yake ya taifa, na kila kimoja ni mwanachama kamili wa UEFA, Shirikisho la Vyama vya Kandanda vya Ulaya.

Hebu tuipime sentensi ambayo imezoeleka kwetu: "Klabu za Uingereza zilifungiwa mwaka 1985." Ikiwa Uingereza ni England, sentensi ni kweli. Ikiwa ni dola nzima, sentensi ni uongo, maana Dundee United ya Uskoti ilifika fainali ya Kombe la UEFA mwaka 1987, na mwaka huohuo Merthyr Tydfil, klabu ndogo ya Wales iliyocheza nje ya madaraja manne ya ligi ya England, iliifunga Atalanta ya Italia mabao 2 kwa 1 nyumbani kwake, kabla ya kutolewa katika mechi ya marudiano. Msomaji anayekutana na habari hizo zote mbili katika ukurasa mmoja atadhani ama mwandishi amekosea, ama klabu hizo zilipenya kwa hila.

Baadhi ya kurasa za michezo zimekwisha kulitatua jambo hili kimyakimya kwa kuandika "Ligi Kuu England". Wako wanaoliona hilo kuwa ni uvivu wa kutafsiri. Mimi nalitetea. Jina la mahali si istilahi, na pale ambapo jina letu lina maana mbili, kulitumia jina la asili ni usahihi. Ninalolikosoa ni kuangushwa kwa kihusishi "ya". Katika kichwa cha habari nafasi ni finyu na jambo hilo laweza kusamehewa, lakini ndani ya habari yenyewe mwandishi na aandike "Ligi Kuu ya England" kama atakavyo sarufi yetu. Neno "Uingereza" na libaki kuwa jina la dola.

Neno "Kigeni"

Kosa la pili ni kuziita klabu hizi "klabu za kigeni" katika ligi zinamocheza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Swansea na Cardiff zilikabidhiwa jembe mwaka 1920, na mwaka 1927 Cardiff ilikwisha kuvuna kwa kulitwaa Kombe la FA ilipoifunga Arsenal bao 1 kwa 0. Kumwita mgeni mtu aliyelima shamba kwa zaidi ya miaka 100 ni kulionea neno lenyewe. Isitoshe, "ugenini" katika kandanda ni uwanja wa mpinzani. Tukisema "klabu ngeni" tutamfanya msikilizaji adhani tunaitaja timu iliyosafiri Jumamosi ile.

Kubwa zaidi ni kwamba neno "kigeni" linaziweka katika kapu moja klabu zisizofanana kabisa. Klabu ya Vaduz iko Liechtenstein, nchi ndogo isiyo na ligi yake yenyewe. Klabu za nchi hiyo hucheza katika ngazi mbalimbali za ligi ya Uswisi, na nyumbani hushindania kombe moja tu. Anayelitwaa kombe hilo huingia Ulaya kwa jina la Liechtenstein. Vaduz imewahi kucheza katika daraja la juu kabisa la Uswisi, lakini hata kama ingetwaa ubingwa wa Uswisi isingeweza kuchukua nafasi ya Uswisi huko Ulaya. Mwaka 2022, ikiwa katika daraja la pili la Uswisi, iliitoa Rapid ya Vienna ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Konferensi ya Ulaya, jambo ambalo hakuna klabu ya Liechtenstein iliyokuwa imelifanya kabla yake. Hii ni klabu inayolima katika shamba la jirani na kuvuna katika shamba la kwao.

Klabu ya Monaco ni kinyume chake. Utawala wa Monaco hauna chama kilicho mwanachama wa UEFA, kwa hiyo hakuna nafasi ya Monaco huko Ulaya. Klabu hiyo ni ya chama cha Ufaransa, ilikuwa bingwa wa Ufaransa mwaka 2017, na ilipofika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2004 na kufungwa na Porto ilikuwa imeingia kwa nafasi ya Ufaransa. Yeye hulima na kuvuna katika shamba hilohilo la jirani.

Halafu ipo klabu ya The New Saints, ambayo hucheza ligi ya Wales lakini uwanja wake uko Oswestry, ndani ya England. Mwaka 2024 ilikuwa klabu ya kwanza ya ligi ya Wales kufika hatua kuu ya mashindano ya Ulaya, ile inayofuata baada ya raundi za mchujo. Sasa mwandishi akiandika "klabu ya Wales", anakusudia Swansea, iliyo Wales lakini hucheza England, ama The New Saints, iliyo England lakini hucheza Wales? Usemi "klabu ya Wales" umeshindwa na kazi, na ulioushinda ni ule mzigo wa tatu ambao hatujaupa jina.

Neno "Kuwakilisha"

Kitenzi "kuwakilisha" kimetokana na "wakili", naye wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo na mwenyewe. Hakuna wakili asiye na aliyemweka. Kwa hiyo kila tusemapo kwamba klabu imewakilisha, twapaswa kuuliza: nani aliyeipa uwakili huo?

Mwezi Februari 2013 Swansea City ililitwaa Kombe la Ligi la England kwa kuifunga Bradford City mabao 5 kwa 0, na kwa ushindi huo ikaingia Ligi ya Europa ya msimu uliofuata. Mwaka mmoja kabla, UEFA ilikuwa imethibitisha kwamba klabu za Wales zichezazo ligi ya England zaweza kuzitumia nafasi za England. Septemba 2013 Swansea ilikwenda Hispania ikaifunga Valencia mabao 3 kwa 0. Washabiki wake walikuwa Wawelisi, na bendera zao zilikuwa za Wales. Lakini pointi zilizopatikana katika mashindano yale ziliingizwa katika hesabu ya England, na kwa hesabu za namna hiyo UEFA huamua kila chama kipewe nafasi ngapi katika misimu inayofuata. Kwa upande wa moyo Swansea ilikuwa wakili wa Wales. Kwa upande wa daftari ilikuwa wakili wa England.

Mwandishi aliyeandika kwamba Swansea "iliiwakilisha Wales" hakudanganya kwa upande wa moyo, wala yule aliyeandika kwamba "iliiwakilisha England" hakudanganya kwa upande wa daftari. Kosa ni kwamba wote wawili walitumia kitenzi kimoja bila ya kumwambia msomaji wanasimama upande gani. Rai yangu ni kwamba "kuwakilisha" kiachiwe timu za taifa, ambako moyo na daftari hukutana. Kwa klabu tuseme imeingia "kwa nafasi ya" chama fulani. Swansea iliingia kwa nafasi ya England. Cardiff ya mwaka 1988 iliingia kwa nafasi ya Wales. Neno "nafasi" ni la Kiswahili cha kila siku, limekwisha kutumiwa na waandishi wenyewe wanaposema kwamba chama kimepewa nafasi mbili au nne, na halihitaji kamati wala mkutano wa kulipitisha.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona kwamba Cardiff na Swansea, klabu mbili za aina moja, ziliingia Ulaya kwa nafasi za vyama viwili tofauti. Sababu ni kwamba tangu msimu wa 1995-96 klabu za Wales zilizomo katika ligi ya England ziliondolewa katika Kombe la Wales, ili nafasi za Wales ziende kwa klabu za ligi ya Wales yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1992. Mlango ule wa zamani ukafungwa, na mlango wa England ukathibitishwa baadaye. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kulikuwa na pendekezo la kuufungua tena mlango wa zamani, ili klabu nne za Wales zibaki katika ligi ya England lakini zigombee nafasi za Wales. Haya yote hayawezi kuelezwa kwa neno "nchi". Kwa neno "nafasi" huelezwa katika sentensi mbili.

Neno "Kufuzu"

Neno hili limetujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kushinda na kufanikiwa. Twalitumia kwa mtihani, na tumelihamishia katika kandanda kwa kila namna ya kuingia mashindanoni. Hapo ndipo linapoelemewa.

Mwaka 1984 fainali ya Kombe la Wales ilikuwa baina ya Shrewsbury Town na Wrexham. Shrewsbury ni mji wa England ulio karibu na mpaka, na klabu yake, pamoja na nyingine za jirani, ilikuwa ikialikwa kushindania kombe lile. Shrewsbury ilishinda. Lakini kwa kuwa ilikuwa klabu ya England haikuruhusiwa kwenda Ulaya kwa nafasi ya Wales, na nafasi hiyo ikapewa Wrexham iliyofungwa. Wrexham, iliyokuwa katika daraja la nne la ligi ya England, ilikwenda ikaitoa Porto, waliokuwa wamecheza fainali ya kombe hilohilo msimu uliotangulia. Wrexham ilishinda bao 1 kwa 0 nyumbani, ikafungwa 4 kwa 3 huko Porto, ikapita kwa sheria ya mabao ya ugenini.

Je, nani alifuzu mwaka 1984? Tukisema Shrewsbury, twasema uongo, maana haikwenda popote. Tukisema Wrexham, twamwita mwenye kufuzu yule aliyefungwa fainali. Hata Derry ya mwaka 1988 ilikuwa imefungwa fainali ya Kombe la Ireland. Iliingia kwa sababu aliyeifunga, Dundalk, alikuwa pia bingwa wa ligi na akaenda katika mashindano ya mabingwa. Ni dhahiri kwamba hapa pana dhana mbili. Moja ni ustahiki, yaani haki ya klabu kuitumia nafasi ya chama fulani ikiwa itaipata. Ya pili ni kule kuipata nafasi yenyewe. Shrewsbury ilishinda kombe pasipo ustahiki. Wrexham ilikuwa na ustahiki, na nafasi ikaishukia.

Neno "kufuzu" lisiachwe. Lifungwe katika kazi yake halali ya kupita mchujo wa mashindano yenyewe, kama Vaduz ilivyofuzu mwaka 2022 kuingia hatua ya makundi. Kuhusu "kukata tiketi", usemi upendwao sana na watangazaji, sina ugomvi nao kama pambo la habari. Ila tiketi nayo ina jina la mwenyewe, na msikilizaji ana haki ya kuambiwa ni jina la nani.

Mapendekezo

Kanuni yetu ya kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kubisha hodi kwa wengine. Katika jambo hili haikuwa lazima kutoka nje ya mlango. Napendekeza matumizi yafuatayo:

(a) Makao: mahali ulipo uwanja na ofisi ya klabu. Mathalani, makao ya The New Saints yako England.

(b) Ligi: daima itajwe pamoja na chama kinachoisimamia. Mathalani, Vaduz hucheza ligi ya Uswisi.

(c) Nafasi: idhini ya kuingiza klabu moja mashindanoni, ambayo shirikisho la bara hukipa chama. Mwenye nafasi ni chama, nayo klabu ni mtumiaji.

(d) Ustahiki: haki ya klabu kuitumia nafasi ya chama fulani.

(e) Kufuzu: kupita hatua za mchujo za mashindano.

(f) Klabu mpangaji: klabu ichezayo ligi ya chama kingine lakini huingia mashindano ya bara kwa nafasi ya chama cha kwao. Vaduz ni mpangaji. Cardiff ya mwaka 1988 ilikuwa mpangaji.

Pendekezo la mwisho lina dosari ambayo sipendi kuificha. Klabu nyingi hukodi viwanja, nazo pia huitwa wapangaji. Penye shaka na iandikwe "mpangaji wa ligi".

Kwa klabu za aina ya Swansea ya leo na Monaco nilikuwa na neno ambalo kwa maana yake ya asili lingefaa mno. Kulowea ni kukaa ugenini hata ukawa kama mwenyeji. Nilikwisha kuandika "klabu mlowezi" katika rasimu, nikaifuta. Katika nchi zetu "mlowezi" si mtu aliyezoea tu mahali. Ni yule aliyetwaa ardhi ya wenyewe, na jeraha hilo halijapoa kiasi cha kulifanya neno liwe la mchezo. Kitenzi hakina doa hilo, na twaweza kusema kwamba Swansea "imelowea katika ligi ya England". Kuhusu nomino, nawaachia wasomaji walete walilonalo.

Jambo Lenyewe Liko Karibu

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni matatizo ya Wawelisi, na sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa karibu. Katika mashindano ya klabu ya Afrika, Zanzibar huingiza klabu zake kwa nafasi zake yenyewe, na Tanzania Bara kwa nafasi za shirikisho lake, ingawa dola ni moja. Mwezi Machi 2017 Shirikisho la Kandanda la Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, na mwezi Julai mwaka huohuo likautengua uamuzi huo. Mwaka 2025 Azam ya Dar es Salaam ilikutana na KMKM ya Zanzibar katika Kombe la Shirikisho, klabu mbili za dola moja katika mashindano ya bara, kama Cardiff na Derry walivyokutana. Anayeuliza "Tanzania ina nafasi ngapi Afrika?" hupata majibu mawili, na ubishi unaofuata vijiweni huwa mkali kwa sababu neno "nchi", kwa Mzanzibari na kwa mtu wa Bara, halina uzito mmoja. Tukiuliza ni nafasi za chama gani, ubishi wa kandanda hupata jibu lake, na ule wa siasa hubaki mahali pake.

Vilevile vita vya Sudan vilizifukuza klabu za Al Hilal na Al Merrikh katika viwanja vyao. Msimu wa 2024-25 zilicheza ligi ya Mauritania kwa mwaliko, bila ya haki ya kuutwaa ubingwa wake, huku Al Hilal ikiwa katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa nafasi ya Sudan. Novemba 2024 ilikuja Dar es Salaam ikaifunga Yanga mabao 2 kwa 0. Yanga iliporudisha ugeni mwezi Januari 2025 ilikwenda Nouakchott, ikashinda bao 1 kwa 0. Aliyesema kwamba Yanga ilikwenda kucheza na klabu ya Mauritania aliwanyang'anya Wasudani kitu kimoja walichokuwa wamebakiwa nacho. Makao yao yalikuwa vitani, ligi ilikuwa ya watu, lakini nafasi ilikuwa ya Sudan. Kwa klabu ya namna hiyo neno "klabu mwalikwa" latosha.

Yule mtangazaji nilimwandikia upya. Nilimwomba radhi kwa jibu la kwanza, nikampa sentensi hii: "Cardiff, klabu yenye makao Wales na ichezayo ligi ya England, iliingia Kombe la Washindi kwa nafasi ya Wales." Alinijibu kwamba sentensi hiyo ni sahihi, ila ni ndefu mno kwa redio, na mpira hausubiri. Yeye atasema: "Cardiff, kwa nafasi ya Wales." Sikuona cha kuongeza.